Salama, ila

Ujumbe ulikuwa na neno moja: "Upo?"

Nilikuwa Soko la Mgandini hapa Tanga, nimeinamia beseni la vibua. Mkono mmoja unafunua mashavu ya samaki kuona kama bado mekundu, mkono wa pili umeshika simu. Simu nilikuwa nimeishika kwa makusudi. Programu tunayotumia kazini humwekea mtu kidoti cha kijani pembeni ya jina lake akiwepo, na asipoigusa kwa dakika kadhaa kidoti kinazimika. Kwa hiyo tangu natoka nyumbani nilikuwa nakipapasa kioo kila baada ya hatua chache, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Nikajibu kwa kidole gumba chenye magamba: "Nipo bosi."

Muuza samaki, mama mtu mzima, alikuwa ananiangalia. "Mwanangu, hao unaowaambia upo, wako wapi?"

"Dar, mama. Wengine Nairobi. Wengine Ujerumani."

"Basi hupo," akasema, akanifungia vibua vyangu kwenye gazeti.

Kilichoniuma ni kwamba usiku wake nilikuwa nimelala saa nane. Ulikuwa mwisho wa mwezi, nalinganisha taarifa ya benki na vitabu vyetu mstari kwa mstari, na kidoti kilikuwa cha kijani muda wote. Hakukuwa na mtu macho wa kukiona. Asubuhi, nilipokuwa nanunua kitoweo, ndipo nilipohesabiwa niko kazini.

Mimi ni mhasibu. Kampuni sitaitaja, maana bado inanilipa. Inauza mitambo midogo ya umeme wa jua kwa mkopo, mteja analipa kidogo kidogo kwa simu. Ofisi kubwa iko Dar es Salaam, kuna wenzetu Nairobi, na wenye hela wako Ujerumani. Mwaka 2022 mama yangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Nikaja Tanga kwa likizo ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, bosi akasema fanyia huko huko, si kompyuta unayo. Sijarudi.

Kazi yenyewe haikudai niwe Dar. Watu wanadhani uhasibu ni makabati ya mafaili, lakini siku hizi vitabu viko mtandaoni, risiti zinapigwa picha, malipo ya serikali yanakwenda kwa kontroo namba. Tarehe 7 kodi ya mishahara, tarehe 20 VAT, na mamlaka ya mapato, TRA, haikuulizi umekaa mji gani. Miezi ya mwanzo nilifanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya maishani. Hakuna foleni ya Barabara ya Mandela, hakuna mtu wa kuja kuegemea meza akiulizia posho yake ya safari. Nikasema moyoni, kumbe ilikuwa rahisi hivi.

Katika miezi hiyo nilikamata jambo. Tuna mawakala mikoani wanaolipwa kamisheni kwa simu, wengi kwa mpigo mmoja. Siku moja mtandao uliganda katikati ya malipo, aliyekuwa analipa akadhani hayajaenda, akayatuma upya. Baadhi yalikuwa yameshakwenda. Likatokea tena mwezi uliofuata, na mwingine. Kwenye vitabu yalionekana kama malipo ya kawaida, kwa sababu wakala mmoja anaweza kabisa kupata kamisheni mbili kwa wiki. Nilikaa siku nne kuyachambua. Yalifika shilingi milioni 11 na ushee. Nikayakata polepole kwenye kamisheni za miezi iliyofuata, nikampigia kila wakala kumweleza, nikaweka utaratibu lisijirudie. Kisha nikanyamaza.

Kunyamaza kule sikukuona kama kosa. Nimelelewa Pwani, na methali moja usiyoweza kuikwepa huku ni kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto anayerudi na ripoti nzuri anaiweka mezani, hatembei nayo mtaani. Anayejisemea sana tunamwambia anajishaua. Nilikuwa nimefanya chema, basi kingejiuza.

Januari 2024 ikaja tathmini ya mwaka. Bosi wangu si mtu mbaya, naomba niliseme hilo mapema. Alikuwa kwenye skrini, anatabasamu, ana kikombe cha chai. Akaniuliza, "Hivi dada, siku hizi kazi zako hasa ni zipi? Maana mimi naona kila kitu kinakwenda vizuri tu."

Sikuwa na jibu. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Machi nafasi ya mhasibu mwandamizi ilitangazwa, akapewa mwenzangu aliyeko ofisini. Nisiseme uongo, ni mtu anayejua kazi. Kilichonichoma ni barua pepe ya kumpongeza, iliyosema amekuwa nguzo yetu wakati wa kufunga mwezi. Miezi ile nilikuwa nafunga mimi! Nikatafuta ubaya wake nikaukosa. Hakuwahi kusema amefunga yeye. Ila kila mwisho wa mwezi, nilipomtumia faili la mwisho, yeye ndiye aliyesimama akatembea hatua kumi mpaka mlango wa bosi, akachungulia, akasema, "Bosi, tumemaliza." Aliyebeba habari akaonekana ndiye aliyebeba mzigo.

Siku ile nililia mbele ya mama, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake, anachambua mchele kwenye ungo. Akasikiliza mpaka mwisho, akatupa jiwe, akasema, "Asiyekuwapo na lake halipo."

Nikamwambia, "Lakini mama, si wewe uliyetufundisha kwamba chema chajiuza?"

"Chajiuza sokoni," akasema. "Kikiwa kabatini kinamuuzia nani?"

Mhasibu akiumizwa hukimbilia hesabu. Nikaanza kusoma. Nikakutana na utafiti wa mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, uliochapishwa 2015. Walichukua wafanyakazi wa kitengo cha simu wa kampuni moja ya safari huko China, inaitwa Ctrip, wakawagawa kwa kura: wengine wafanyie kazi nyumbani siku nne kwa wiki, wengine wabaki ofisini. Baada ya miezi tisa wa nyumbani walikuwa wamefanya kazi zaidi, kwa asilimia 13. Lakini ukilinganisha watu waliofanya kazi kwa kiwango sawa, wa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache kuliko wa ofisini. Niliisoma ile aya mara mbili. Na hao walikuwa wanafika ofisini siku moja kila wiki! Mimi nilikuwa sijafika tangu Idi.

Bloom alirudi kwenye kampuni ile ile baadaye, na matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature mwaka 2024. Safari hii walikuwa wafanyakazi zaidi ya 1,600, baadhi yao nyumbani siku mbili, ofisini siku tatu. Hapo vyeo havikudhurika, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi. Kisha kuna Thomas Allen wa chuo cha MIT, Marekani, ambaye miaka ya 1970 alipima wahandisi wanavyozungumza kulingana na meza zilivyokaa, akaona kwamba watu wakiachana zaidi ya mita 50 hivi mazungumzo ya kila wiki karibu yanakatika. Mita 50. Kutoka kwetu Ngamiani mpaka ofisini kwetu ni kilomita 350 hivi, kwa basi unapita Segera na Chalinze na unakunywa soda mbili.

Kinyume chake ni mtaani. Huku naonekana kutwa nzima na hakuna anayeamini kwamba nafanya kazi. Barabara zetu za Ngamiani zina namba na kila mtu anamjua mwenziwe. Msichana anayeshinda ndani na kompyuta ana maelezo yake. Shangazi hunituma dukani katikati ya kikao kwa sababu "si upo tu." Jirani mmoja alimwuliza mama kwa upole kama nilifukuzwa Dar. Mwingine aliniletea kijana wake nimsaidie kuomba chuo, saa tano asubuhi ya Jumanne, akashangaa nilipomwambia ninafanya kazi. "Kazi gani, mwanangu? Mbona umekaa?"

Kwa hiyo kwa wanaoniona sifanyi kazi, na kwa ninaowafanyia kazi sionekani.

Nikatafuta dawa, na dawa za kwanza zilikuwa za kijinga. Kidoti cha kijani kwanza, mpaka aibu ya vibua ikanitoa huko. Kisha nikawa najibu kila kitu ndani ya kundi, kila ujumbe na kidole gumba, kila tangazo na "hongereni sana", hata ya watu nisiowajua Nairobi. Wiki mbili tu, nikajichoka mwenyewe. Uongozi nao ulikuja na dawa yake: kikao cha video kila asubuhi, kamera wazi, dakika arobaini. Kikao cha namna hiyo kinamaliza kifurushi kabla hakijamaliza ajenda. Nusu ya muda ni "mnanisikia?" na nusu nyingine ni mtu mmoja anayezungumza na wenzake wa chumba kile kile, sisi wa nje tunatazama dari yao.

Tukio dogo la saa ndilo lililonifumbua macho zaidi ya vikao vyote. Ujerumani husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, sisi hatusogezi. Kikao chetu cha wiki kilikuwa saa nne asubuhi kwao, ambayo wakati wa baridi ni saa sita mchana huku, na saa zao zikisogea inakuwa saa tano. Mwaka wangu wa kwanza Tanga niliingia saa sita kamili, nimejipanga, nimefunga khanga vizuri chini ya blauzi ya kazini. Kikao kilikuwa kimekwisha. Nikauliza kwa nini hakuna aliyenikumbusha. Kumbe hata ofisini Dar karibu wote walikuwa wamesahau. Mmoja alikumbuka, akainuka na daftari lake, wa pili akamwona akainuka, wa tatu akauliza mnakwenda wapi. Hakuna aliyemwambia mwenziwe kitu. Waliinuka tu, na mimi sikuwepo kuwaona wakiinuka.

Hapo nikaanza kuifikiria ofisi upya, hasa asubuhi zake.

Asubuhi ya ofisi yetu haianzi kwa kazi, inaanza kwa salamu. Unaingia getini unamkuta mlinzi, "Shikamoo mzee," "Marahaba, umeamkaje?" Unapita mapokezi, dada wa usafi, kisha meza kwa meza, mkono kwa mkono. Robo saa imekwenda. Kuna meneja aliyewahi kulalamika kwamba ni upotevu wa muda. Lakini ndani ya robo saa ile ofisi nzima ilikuwa imekaguliwa: nani anaumwa, mtoto wa nani karudishwa kwa ada, gari gani limelala Chalinze, mteja gani alipiga simu jana jioni kufoka. Lugha yenyewe inasema. Tunaulizana habari. Habari za nyumbani, habari za kazi, habari za tangu jana. Na habari hiyo ndiyo ile ile inayosomwa redioni.

Halafu kuna namna tunavyojibu. Jibu la kwanza ni nzuri, au salama, hata kama nyumba inaungua. Mtu amelazwa hospitali ya Bombo, dripu mkononi, ukimwuliza habari atakwambia nzuri. Ukivuta subira pumzi moja tu, inakuja: ila. Nzuri, ila usiku sikulala. Salama, ila baba hali yake si ya kuridhisha. Kila aliyekulia kwenye lugha hii anajua kwamba habari haiko kwenye nzuri. Iko baada ya ila.

Mtandaoni mimi nilikuwa nimebaki na nzuri peke yake. "Habari za asubuhi timu." Vidole gumba vinane. Shikamoo yenyewe haina pa kukaa kwenye kundi. Ukiiandika, nani aipokee? Na hakuna anayevuta subira kusubiri ila yako, kwa sababu hakuoni uso ukibadilika.

Mtandao ulipokatika ndipo nilipofunzwa. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, wiki moja tu tangu tutikiswe na kimbunga Hidaya, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja kule upande wa Afrika Kusini. Jumatatu nilifungua kompyuta kukawa hakuna kitu. Hakuna kidoti, hakuna kikao. Dar nao walikuwa hivyo hivyo, na nakiri nilifurahi kidogo, kwa mara ya kwanza tulikuwa sawa. Lakini VAT ya Aprili ilikuwa inasubiriwa tarehe 20, na mimi ndiye mwenye hesabu zake.

Nikatuma ujumbe mfupi wa kawaida, ule wa simu za tochi, herufi 160: "Salama, ila sina mtandao. VAT iko tayari, zimebaki risiti 9 za mashine ya EFD za ghala. Aliye nazo karibu anipigie anisomee namba." Sikupanga maneno, nafasi ndiyo ilinibana. Baada ya nusu saa yule mwenzangu aliyepata cheo akanipigia kwa laini ya kawaida, akanisomea namba moja moja, mimi naandika nyuma ya kalenda. Jioni nikatuma nyingine: "Salama. Risiti 8 sawa. Ila ya Mei 2 ni ya mwezi huu, nimeitoa." Wiki nzima tulikwenda hivyo. Ijumaa usiku, mtandao umeanza kuvuta pumzi, tukawasilisha.

Bosi akanipigia baadaye kuniambia asante, akaongeza jambo kama utani: "Unajua wiki hii ndiyo nimejua unafanya nini kuliko mwaka mzima?" Na ni wiki ambayo hatukuonana sura hata mara moja.

Mtandao ulipotengemaa sikuacha. Kila siku saa kumi na nusu jioni naandika kwenye kundi mistari miwili au mitatu. Orodha ya niliyofanya siiandiki, orodha ndiyo kujitembeza kwenyewe, na haisomwi. Naandika salama, ni nini kimekwisha kwa neno moja, halafu naweka ila. Ila ndiyo inayomgusa mtu mwingine kesho. "Salama, mwezi umefungwa isipokuwa Dodoma. Ila kwenye kamisheni kuna mistari 6 inayofanana na ya wiki iliyopita, nimeizuia. Asilipwe mtu mpaka nipige simu." Ningeandika hivyo wakati wa zile milioni 11, kila mtu angejua kuna shimo na yuko mtu amesimama kando yake. Mimi nilingoja nimalize kulifukia, kisha nikashangaa mbona hawalioni.

Nilipoandika mara ya kwanza bila sababu ya mkongo kukatika, niliufuta ujumbe ule mara tatu. Niliona kama najishaua. Kilichonisaidia ni kukumbuka kazi yangu. Mkaguzi wa hesabu akija, hakuulizi kama uliangalia vocha. Anatafuta tiki yako, herufi za jina lako na tarehe. Kisichoandikwa hakikufanyika, ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna mhasibu anayeona kuweka saini kwenye vocha ni majivuno. Miaka yote nilikuwa natia saini kwenye karatasi na kuwanyima watu saini yangu.

Mwenzetu mmoja wa Nairobi, Kiswahili chake kina kona zake, akaanza naye: "Poa, lakini." Tumemwacha na lakini yake.

Jambo la pili nililobadili ni safari. Zamani nikienda Dar nilikuwa nakwenda kuonekana. Nakaa kwenye meza ya kuazima, masikioni nimeweka spika zangu, nafanya kazi ile ile ambayo ningeifanya Tanga, ila kwa nauli. Sasa nakwenda pale tu kazi inapohitaji mikono. Mwisho wa Juni mwaka ule nikajiorodhesha kwenye kuhesabu stoo, kazi ambayo kila mhasibu anaikimbia.

Ghala letu liko Vingunguti. Mtunza stoo ni mzee anayekaribia kustaafu, na kwangu mimi kwa miaka miwili alikuwa jina tu, lile jina ambalo makaratasi yake huchelewa. Nilikuwa na ugomvi naye wa kimya kimya. Kwa miezi minne vitabu vyangu vilikuwa vinaonyesha betri 14 ambazo hesabu yake haikuwa nazo. Nilimwandikia barua pepe tatu, ya mwisho ina lugha ambayo leo naionea haya.

Tulianza saa moja asubuhi. Joto la mabati, vumbi, yeye anaita namba mimi naandika. Hajui kuketi. Saa nne akatoka, akarudi na mihogo ya kukaanga ndani ya karatasi, chumvi na pilipili ya unga pembeni, akaifungua juu ya boksi la paneli. Tukala tukiwa tumesimama. Akaniuliza mama anaendeleaje na nyonga yake, na sikumbuki niliwahi kumwambia. Nikamwambia salama, ila ngazi bado. Akatikisa kichwa, akamaliza muhogo wake, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Na zile kumi na nne unazonisumbua nazo," akasema, "si hizi hapa?"

Akavuta turubai kwenye kona. Zilikuwa zimepangwa safi, kila moja ina kipande cha plasta nyeupe chenye tarehe na jina la mkoa. Betri zilizorudishwa na wateja. Fomu yetu ya kupokea vitu vilivyorudi ina visanduku viwili, nzima na mbovu. Hizi hazikuwa nzima wala hazikuwa mbovu, zilikuwa zinamsubiri fundi azipime. Kwa kuwa hazikuwa na kisanduku hakuzijaza popote, ila alikuwa nazo zote kwenye daftari lake la kaunta, mwandiko wa shule ya zamani, mpaka jina la dereva aliyezileta.

"Mzee wangu, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuandikia mara tatu."

"Uliniuliza tofauti ya stoo inatokana na nini. Mimi sina tofauti ya stoo, mwanangu. Mimi nina betri."

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Miaka miwili nalalamika kwamba sionekani, na huyu mzee yuko kilomita chache tu kutoka ofisini, anapanda daladala zile zile, na haonekani kuliko mimi. Hata mimi sikumwona. Kidoti chake kwenye programu hakijawahi kuwaka, kwa sababu hajawahi kuifungua. Alikuwa amebeba habari ninayoitafuta, anaisubiri salamu.

Mchana ule tuliongeza kisanduku cha tatu kwenye fomu, kwa kalamu: "inasubiri fundi." Bosi akakikubali, na wiki mbili baadaye kikachapishwa. Kwenye ujumbe wangu wa jioni niliandika kwamba betri 14 zimepatikana, na kwamba aliyekuwa anajua zilipo siku zote ni mzee wa stoo, ana daftari, mpigieni. Wawili wakampigia siku iliyofuata kuulizia mambo yao mengine kabisa.

Cheo sijapata. Nafasi haijatangazwa tena, na ikitangazwa nitaomba, kwa sauti. Mtaani bado wanajua sina kazi. Kidoti sikijali, kikizima kimezima.

Jana jioni, saa kumi na nusu imepita kidogo, nilikuwa barazani naandika mistari yangu, simu ikalia ule mlio wa ujumbe wa sauti. Ilikuwa voisi ya mzee, ndani ya kundi la kazi, yeye ambaye hajawahi kuandika humo hata nukta. Nyuma yake kuna mtu anaburuta kitu kizito. Akakohoa kwanza.

"Hamjambo wote. Huku Vingunguti salama. Ila zimerudi betri tatu toka Dodoma, mbili zinawaka vizuri, ya tatu inajifanya imekufa. Nimeziweka kona ile ile. Mhasibu wa Tanga, mama hajambo?"

Nikawa naandika jibu, nimeanza na shikamoo, mama akaita kutoka ndani.

"We! Si upo tu hapo? Hebu nenda kaniletee nazi mbili."

"Nipo kazini, mama."

"Haya. Na pilipili."